Ardhi Iliyofukuliwa Mara Mbili

Mwenye kutaka kuificha maiti huizika. Lakini udongo uliokwisha kutifuliwa hauirudii rangi yake upesi, na autazamaye kutoka juu huiona tofauti hiyo, ilhali apitaye kando yake haioni. Juu ya jambo hili dogo umejengwa uchunguzi wa vita kwa picha za angani, nao ulipimwa kwa ukali huko Srebrenica, katika Bosnia.

Mji huo ulitekwa na majeshi ya Waserbia wa Bosnia tarehe 11 Julai 1995, na katika siku chache wanaume na wavulana wa Kiislamu wapatao 8,000 wakauawa. Picha za Wamarekani zilipigwa siku zile zile. Walakini hazikutafutwa kwa makini mpaka walionusurika walipokwisha kusimulia. Ndimi za watu ndizo zilizoyaongoza macho ya mitambo. Tarehe 10 Agosti Bibi Madeleine Albright aliziweka mbele ya Baraza la Usalama: uwanja wa mpira wa Nova Kasaba umejaa watu, kisha uwanja mtupu, na karibu yake udongo mpya. Mwandishi wa gazeti, David Rohde, akaenda huko mwezi ule ule, akaripoti kuona mfupa wa mguu wa binadamu.

Mnamo Septemba na Oktoba makaburi yakafukuliwa kwa mashine, miili ikachukuliwa mashimo mengine ya mbali. Waliofanya hivyo walidhani wanafuta ushahidi, kumbe wanauongeza. Kwani picha ya siku moja ilionyesha ardhi imetulia na ya siku nyingine ikaonyesha imechimbuliwa, na tarehe ya tendo ikafungwa baina ya hizo mbili. Bali picha haikuweza kunena ni nani aliyehamishwa, wala kutoka wapi. Hilo lilijibiwa na sepetu. Kozluk, watu waliuawa mahali palipotupwa taka za kiwanda cha kutia maji chupani. Vipande vya kioo cha kijani vya kaburi lile vilionekana tena katika kaburi moja kando ya njia ya Čančari.

Ushahidi huo ulitumika The Hague katika kesi ya Jenerali Radislav Krstić, aliyetiwa hatiani tarehe 2 Agosti 2001 na kufungwa miaka 46; rufani ya 2004 ikaipunguza kuwa 35. Mashine, hata hivyo, zilikuwa zimeikata miili, mifupa ya mtu mmoja ikapatikana katika makaburi mawili au zaidi. Na wako wazazi waliozika sehemu ya mtoto wao, kisha wakaitwa tena kaburi lifunguliwe.