Ndula: kituo kikongwe cha umeme kwenye mto Thika

Ukitaja umeme wa maji Kenya, wengi watakutajia Masinga au Kiambere. Ndula haitajwi, ilhali ilitangulia Masinga kwa zaidi ya nusu karne. Ni kituo kidogo cha megawati 2 kilichojengwa kwenye mto Thika katika miaka ya 1920.

Wakati huo umeme ulikuwa mikononi mwa East African Power and Lighting, kampuni iliyozaliwa 1922 pale kampuni ya Mombasa ilipounganishwa na ya Nairobi. Ile ya Mombasa ilianza 1908 na jenereta iliyotoka Unguja, ile ile iliyowasha taa za jumba la Seyyid Barghash. Kwa hivyo nasaba ya umeme wa nchi hii yapita kwetu, na nashangaa kwamba hatuwasimulii watoto wetu.

Kituo cha aina hii hakihitaji ziwa kubwa. Ukuta mfupi huinua maji kidogo, yakaingia mferejini, kisha yakateremka kwa bomba hadi kwenye mtambo, na baadaye yakarudi mtoni. Hesabu yake ni nyepesi: tani moja ya maji kila sekunde ikishuka mita 10 yabeba nguvu ya kilowati 98 hivi, kabla ya kilichopotea njiani. Kiangazi mto ukipungua, umeme nao wapungua. Hiyo ndiyo ila yake kubwa. Mesco, kwenye mto Maragua, ni mdogo zaidi.

Kwa nini mtu wa Pwani ajali? Kwa sababu maji ya Thika na Maragua huingia mto Tana, na Tana humalizikia Kipini. Vituo vidogo kama Ndula viliyaachilia maji yapite. Masinga, iliyokamilika 1981, ilijengwa ili iyaweke: zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5. Mafuriko yaliyokuwa yakirutubisha mashamba ya Wapokomo na malisho ya Waorma yakapungua, na mchanga wa rutuba ukabaki nyuma ya ukuta. Huko Ozi, mto ukikosa nguvu, maji ya bahari hupanda hadi kwenye mashamba ya mpunga.

Sisemi turudi kwenye megawati 2. Hata hoteli za Diani hazingetosheka. Lakini mpango wa bwawa la High Grand Falls, juu huko huko Tana, haujafutwa. Ukiletwa mezani tena, mimi ningetaka watu wa Garsen na Kipini waulize mambo mawili kabla ya kuulizwa chochote: maji yatafunguliwa mwezi gani, na ni nani atakayeshika ufunguo.

Ndula yenyewe imeshaondolewa kazini.