Upper Hill Kutoka Angani: Mipaka ya Ramani ya Hatari ya Tetemeko

Tarehe 6 Januari 1928, ardhi ya Subukia karibu na Nakuru ilipasuka kwa tetemeko la kipimo cha 6.9, mojawapo ya makubwa zaidi kuwahi kurekodiwa nchini Kenya. Upper Hill, jijini Nairobi, wakati huo ulikuwa mtaa wa makazi wenye nyumba chache zilizotawanyika. Leo umebeba Britam Tower yenye urefu wa mita 200, UAP Old Mutual Tower yenye ghorofa 33, na kando yake Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Bonde la Ufa liko palepale, mwendo mfupi wa gari nyuma ya vilima vya Ngong.

Je, setilaiti zinaweza kutuambia hatari hii ni kubwa kiasi gani? Kwa upande wa ardhi inayosogea, zimekwisha kutufunza mengi. Julai 2007 wafanyakazi wa Nairobi walikimbia kutoka maofisini kwa mitetemo iliyoanzia karibu na Ziwa Natron, Tanzania, zaidi ya kilomita 150 kutoka jijini. Picha za rada zilizopigwa kabla na baada ya mitetemo hiyo zilipolinganishwa, zilionyesha kwamba uji wa moto wa mawe ulijipenyeza ardhini karibu na Mlima Gelai bila kutokeza juu. Kwa njia hiyohiyo watafiti waligundua kuwa Mlima Longonot uliinuka kwa takriban sentimita 9 kati ya 2004 na 2006, jambo ambalo hakuna mkulima wa Naivasha angeweza kuliona kwa macho. Tangu 2014, setilaiti za Sentinel-1 za Ulaya zinatoa picha kama hizo bila malipo.

Ila kujua ardhi inavyosogea bondeni ni jambo moja. Kujua jengo la jijini litafanya nini siku ya tetemeko ni jambo jingine kabisa. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoamini kwamba ramani ya angani inatosha.

Chukua suala la udongo. Mwaka 1985 jiji la Mexico liliharibiwa vibaya kwa tetemeko lililotokea mamia ya kilomita mbali, kwa sababu sehemu yake kubwa imekaa juu ya tope la ziwa la kale, na tope hilo liliukuza mtikisiko. Kwa hiyo kila anayekadiria hatari huuliza kwanza chini kuna nini. Pasipo vipimo vya ardhini, watafiti wengi hukisia kwa mwinuko unaopimwa kutoka angani: mteremko mkali huhesabiwa kuwa mwamba, tambarare huhesabiwa kuwa udongo laini. Kanuni hiyo hukosea kwenye nyanda za volkano, na sehemu kubwa ya Nairobi imejengwa juu ya matabaka ya lava yaliyotandaa. Tambarare yetu inaweza kuwa na mwamba mgumu chini ya udongo usio na kina, na ramani ikausoma kama tope. Makosa ya aina hii huelekeza fedha za ukaguzi mahali pasipostahili.

Kwa majengo, upungufu ni mkubwa zaidi. Setilaiti hupima kimo na ukubwa wa paa. Haioni nondo ndani ya nguzo wala kiasi cha saruji katika zege. Jengo lililoporomoka katika mtaa wa Huruma, Nairobi, Aprili 2016 na kuua watu wapatao 50 lilianguka kwa mvua tu, ukingoni mwa mto, bila tetemeko lolote. Paa lake lilifanana na mengine yaliyolizunguka. Ninadai, basi, kwamba anayetazama Nairobi kutoka juu atavutwa na minara ya Upper Hill, iliyosanifiwa na wahandisi, huku hatari nzito ikiwa katika nyumba za kupanga za mitaa kama Huruma na Pipeline.

Kituo cha kikanda cha ramani kilichoko Kasarani, RCMRD, kimekuwapo tangu 1975. Ujuzi wa kusoma picha hizi tunao. Kinachokosekana ni kuziunganisha na mafaili ya vibali vya ujenzi ya kaunti, na ripoti za udongo ambazo kila msanifu wa mnara huagiza kisha zikabaki kabatini mwake. Sheria izitake ripoti hizo ziwekwe wazi. Kazi ianzie Hospitali ya Kenyatta, kwa vipima-mtikisiko vidogo vya kurekodi jinsi jengo linavyoyumba kwa upepo na magari ya kila siku, kwani hapo ndipo majeruhi wa mitaa mingine yote watakapopelekwa.