Mtawanyiko wa Viwanja vya Michezo vya Umma Tanzania Bara na Suala la Umiliki Wake, 1961–2007

Ramani ya viwanja vikubwa vya michezo Tanzania Bara inakaribia kufanana na ramani ya makao makuu ya mikoa. Kirumba uko Mwanza, Sokoine Mbeya, Mkwakwani Tanga, Majimaji Songea, Kambarage Shinyanga, Sheikh Amri Abeid Arusha. Dodoma na Morogoro kila mmoja una uwanja uitwao Jamhuri. Kwa mtazamo wa haraka huu ni usawa. Hata hivyo, ramani huonyesha uwanja ulipo, haionyeshi ni wa nani, na hapo ndipo historia yake ilipo.

Wakati wa ukoloni mgawanyo ulifuata rangi ya watu. Jijini Dar es Salaam, Wazungu walikuwa na klabu ya Gymkhana na uwanja wake wa gofu karibu na bahari, ilhali Waafrika wa Kariakoo walichezea kandanda Mnazi Mmoja, eneo la wazi lililowatenganisha na mitaa ya Wahindi. Uwanja wa Taifa, ambao baadaye uliitwa Uhuru na ambamo bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, ulikuwa alama ya kuuvunja utaratibu huo.

Mwaka 1967 sheria iliunda Baraza la Michezo la Taifa. Kuunda chombo cha kusimamia michezo, lakini, si sawa na kuamua nani amiliki ardhi inayochezewa. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa na madaraka yakapelekwa mikoani. Halmashauri za miji, ambazo kwa kawaida zingetarajiwa kuwa wamiliki, hazikuwapo tena, ilhali chama kilikuwa na mizizi hadi kwenye shina la nyumba kumi. Katika mazingira hayo mpaka kati ya mali ya chama na mali ya umma haukuwa na maana kubwa kwa mwananchi aliyetoa mchango wake: chama kilikuwa kimoja, na michango ilikuwa ya wote.

Maana hiyo ilijitokeza mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa. Viwanja vingi vya mikoani vilibaki mikononi mwa CCM, na vyama vya upinzani vikahoji uhalali wake. Hoja yao ina uzito, kwani mchango uliotolewa wakati hapakuwa na chama kingine hauwezi kuhesabiwa kuwa wa wanachama peke yao. Kaitaba ya Bukoba, iliyo mali ya manispaa, inaonyesha kwamba njia nyingine iliwezekana.

Serikali kuu nayo ilipojenga upya, haikwenda mikoani. Uwanja mpya wa Taifa wenye viti 60,000, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2007 (tangu 2020 huitwa Benjamin Mkapa), uko Temeke, jirani kabisa na Uhuru.

Nje ya miji, kiwanja cha umma kilichoenea zaidi ni cha shule ya msingi, kilichosambaa pamoja na vijiji vya Ujamaa na kampeni ya elimu kwa wote ya mwaka 1977. Hakina jukwaa wala uzio, na magoli yake mara nyingi ni miti miwili. Ni kiwanja ambacho umiliki wake haubishaniwi sana na vyama.