Tony Gunawan: Bingwa wa Dunia Mara Mbili, Chini ya Bendera Mbili

Tony Gunawan ni mchezaji mstaafu wa kimataifa wa mpira wa vinyoya, mchezo unaojulikana pia kwa jina la badminton. Alitwaa ubingwa wa dunia wa wanaume wawili wawili mara mbili: mwaka 2001 akiiwakilisha Indonesia, na mwaka 2005 akiiwakilisha Marekani. Aidha, ni mshindi wa medali ya dhahabu ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000. Mataji hayo matatu aliyapata akiwa na wenzake watatu tofauti, jambo lililo nadra katika mchezo unaotegemea mazoea ya muda mrefu baina ya watu wawili.

Gunawan alizaliwa Aprili 9, 1975 mjini Surabaya, katika kisiwa cha Java. Indonesia ni miongoni mwa mataifa ambayo mpira wa vinyoya una heshima ya pekee. Medali zake za kwanza za dhahabu za Olimpiki zilipatikana katika mchezo huo mwaka 1992 huko Barcelona, mchezo huo ulipoingizwa rasmi katika ratiba ya mashindano. Kwa sababu hiyo, kuteuliwa katika timu ya taifa ya nchi hiyo ni ushindani mkubwa kuliko mashindano mengi ya nje.

Katika mchezo wa wawili wawili, uwanja una urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1. Timu inaposhambulia, mchezaji mmoja hukaa karibu na wavu na mwingine nyuma. Inapojilinda, wote wawili husimama sambamba. Mabadiliko hayo hufanyika kwa kasi isiyotoa nafasi ya kuulizana, hivyo kila mmoja hulazimika kujua mapema mwenzake ataelekea wapi. Hapo ndipo sifa ya Gunawan ilipojengeka: aliweza kusoma mchezo mapema na kumwandalia mwenzake nafasi ya kupiga pigo la mwisho, bila kujali mwenzake huyo alikuwa nani.

Mwaka 1999, akishirikiana na Candra Wijaya, alishinda mashindano ya All England, ambayo ni miongoni mwa mashindano makongwe zaidi ya mchezo huo duniani. Mwaka 2000 alikuwemo katika kikosi cha Indonesia kilichotwaa Kombe la Thomas, ambalo ni ubingwa wa dunia wa timu za wanaume. Mwaka huohuo, yeye na Wijaya waliwashinda Lee Dong-soo na Yoo Yong-sung wa Korea Kusini katika fainali ya Olimpiki kwa seti za 15–10, 9–15 na 15–7. Hiyo ndiyo medali pekee ya dhahabu ambayo Indonesia iliipata Sydney. Mwaka 2001 alibadilisha mwenzake, na akiwa na Halim Haryanto alitwaa tena All England, kisha ubingwa wa dunia mjini Seville, Hispania.

Baada ya hapo Gunawan alihamia Marekani, nchi ambayo mpira wa vinyoya haukuwa na wafuasi wengi. Huko alishirikiana na Howard Bach, mchezaji aliyezaliwa Vietnam na kukulia Marekani. Mwezi Agosti 2005, mashindano ya dunia yalipofanyika Anaheim, California, wawili hao walifika fainali. Wapinzani wao walikuwa Sigit Budiarto na Candra Wijaya wa Indonesia, mabingwa wa dunia wa mwaka 1997. Hivyo Gunawan alikabiliana na mtu ambaye miaka mitano kabla alisimama naye jukwaani Sydney kupokea dhahabu. Gunawan na Bach walishinda kwa seti tatu, na Marekani ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo ya dunia.

Hata hivyo, uhamisho huo ulikuwa na gharama. Kanuni za Olimpiki humtaka mwanamichezo awe raia wa nchi anayoiwakilisha, ilhali katika mashindano ya dunia Gunawan aliruhusiwa kuichezea Marekani kabla ya kupata uraia wake. Kwa sababu hiyo hakushiriki Olimpiki ya Athens mwaka 2004 wala ya Beijing mwaka 2008, ingawa katikati ya michezo hiyo miwili alikuwa bingwa wa dunia. Uraia wa Marekani aliupata mwaka 2011.

Mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 37, Gunawan alishiriki Olimpiki ya London pamoja na Bach, miaka 12 baada ya dhahabu ya Sydney. Mchezo wenyewe ulikuwa umebadilika: tangu mwaka 2006, kila pigo lililoshinda lilitoa pointi na seti ilimalizika kwa pointi 21, wakati awali timu iliyoanzisha pekee ndiyo iliyopata pointi. Wawili hao hawakuvuka hatua ya makundi.

Kwa miaka mingi Gunawan amekuwa kocha huko California, akiwafundisha vijana wa Marekani ufundi alioupata Indonesia.