Baba alifuga samaki, mwana akatafuta wasioonekana

Kujenga chumba cha vifaa ndani ya tangi la samaki si kazi kubwa. Unabandika kipande cha kioo kwa silikoni, kikisimama wima karibu na upande mmoja wa tangi, na nyuma yake unapata ukanda mwembamba wa kuweka sponji, hita na pampu. Maji yanaingia kupitia matundu yaliyo juu, yanapita kwenye sponji, kisha pampu inayarudisha kwa samaki. Mbele kunabaki pasafi, hakuna waya wala mpira.

Wengi wanadhani lengo ni kuficha vifaa tu. Ukidhani hivyo, utajaza maji Ijumaa, utaweka samaki Jumamosi, na baada ya wiki moja au mbili utakuwa unawaopoa mmoja mmoja wamekufa, huku maji yakiwa maangavu kabisa. Sasa, maji maangavu yanauaje? Jibu lilichukua miaka 40, na sehemu yake kubwa ilipitia familia moja ya London.

Mwaka 1849 mkemia Robert Warington, aliyefanya kazi Apothecaries' Hall, aliweka samaki wawili wadogo wa dhahabu kwenye chombo cha kioo cha galoni 12 kilichojazwa maji nusu. Akapanda na mmea wa majini, Vallisneria. Majani yakaanza kuoza na maji yakaharibika. Akaongeza konokono, wakala uozo, na mambo yakatulia. Mwaka 1850 aliitangazia jumuiya ya wakemia maelezo yake: samaki wanatumia oksijeni, mimea inairudisha, konokono wanafagia.

Hakukosea, ila hakumaliza. Samaki pia hutoa amonia kupitia matamvua, na amonia haina rangi ya kukuonya. Mmea hunyonya sehemu yake. Inayobaki inakwenda wapi?

Kuna aliyekaribia jibu kwa uzoefu tu. William Alford Lloyd, ambaye zamani alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, alisimamia akwaria ya Crystal Palace iliyofunguliwa London mwaka 1871. Chini ya matangi ya maonyesho aliweka hifadhi ya maji yenye giza, kubwa kuliko matangi yenyewe mara kadhaa, na pampu za mvuke zikazungusha maji ya bahari yale yale mchana na usiku. Chumba chako cha nyuma ya kioo ni mjukuu wa hifadhi ile. Lloyd alitaka giza ili mwani usiote. Kumbe giza lilikuwa na faida nyingine.

Turudi kwa amonia. Mwaka 1877, Ufaransa, Schloesing na Müntz walijaza mchanga na chokaa kwenye mrija wa kioo wenye urefu wa mita moja hivi, wakawa wanapitisha maji taka polepole. Kwa takriban siku 20 hakuna kilichobadilika: amonia iliingia, amonia ikatoka. Kisha nitrati ikaanza kuonekana. Kama ingekuwa kemia tupu, kwa nini isubiri siku 20? Wakapitisha mvuke wa klorofomu, dawa ya usingizi, na nitrati ikakoma. Wakaongeza maji yaliyosuuza udongo, na baada ya muda ikarudi. Ndani ya mchanga kulikuwa na kitu hai. Mimi naona hili ni moja ya majaribio mazuri kuliko yote ya karne ile, na ukiliangalia vizuri, ule mrija ni kichujio cha tangi la samaki.

Aliyelidaka wazo hilo Uingereza, katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, aliitwa Robert Warington. Ndiyo, mtoto wa yule yule. Alikuwa mvulana wa miaka 11 hivi baba yake alipokuwa akihangaika na konokono, na kemia aliisomea katika maabara ya baba. Alithibitisha matokeo ya Wafaransa, akaona mwanga unazuia kazi hiyo, kisha akaonyesha kuwa ina hatua mbili zenye viumbe tofauti: amonia kuwa nitriti, nitriti kuwa nitrati. Lakini kila alipojaribu kuwatenga viumbe hao kwenye jeli ya kawaida ya maabara, walikataa kukua. Sergei Winogradsky ndiye aliyefaulu mwaka 1890, kwa kuwanyima chakula walichokuwa wakipewa na wengine. Hawakuhitaji. Wanaishi kwa amonia na hewa ya ukaa.

Baba alikuwa amefariki mwaka 1867, bila kujua nani mwingine alikuwa akifanya kazi kwenye chombo chake.

(Hata hesabu ya hatua mbili imepata nyongeza. Mwaka 2015 watafiti walieleza bakteria wa kundi la Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao, na baadhi walipatikana kwenye kichujio cha mfumo wa kufugia samaki.)

Kwa hiyo unapopima kioo chako, fikiria hao kwanza, pampu baadaye. Sponji iwe nene, ijaze upana wote wa chumba ili maji yasipate njia ya mkato. Usiioshe kwa maji ya bomba yenye klorini; ikamue ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Subiri wiki kadhaa kabla ya kuongeza samaki, na upime amonia na nitriti hadi zote zisome sifuri. Umeme ukikatika, chumba cha ndani hakimwagi maji sakafuni, lakini bakteria kwenye sponji wanaanza kukosa oksijeni, basi hata pampu ndogo ya hewa ya betri ina thamani yake. Na angalia kina cha maji kwenye sehemu ya pampu kila siku mbili tatu: maji yakipungua kwa mvuke, ndiko yanakoshuka kwanza, na hita iliyobaki nje ya maji ikiwa inawaka inaweza kupasuka.