Mbegu na Mifupa

Kwetu Nyangoto, jirani na mgodi wa dhahabu, habari ya ufufuo haiishii kanisani. Kaburi la mzee likihamishwa kupisha machimbo, mtu hujiuliza: siku ya mwisho atafufuka na mwili upi?

Swali hili ni la kale, na Waafrika nao walilijadili kwa bidii. Mtume Paulo alifananisha mwili na mbegu: kinachofukiwa sicho kinachoota. Mwanzoni mwa karne ya 3, Tertullian wa Karthago alishikilia kwamba nyama hii hii itafufuka, maana ndiyo iliyoshiriki matendo na mateso ya roho. Origen wa Aleksandria naye alifundisha kwamba mwili hubadilika daima kama maji ya mto. Kinachodumu ni umbo lake.

Namwelewa Tertullian: anayeidharau nyama huwadharau wanaoteswa. Lakini aliyefukuliwa mzee wake hufarijiwa zaidi na Origen. Ikiwa Mungu hategemei mifupa, sepetu haiwezi kumpoteza mtu. Nasi tuizike upya kwa heshima, kwani mbegu haitupwi ovyo, hata kama mmea utakuwa mwingine.