Fundi wa Seva Alitoka Wapi?

Mlandizi, mkoani Pwani, hupeleka maji Dar es Salaam kutoka mtambo wa Ruvu Juu. Ufundi wa seva za wavuti umepita njia hiyohiyo kwa kurudi nyuma: ulianzia jijini, hasa Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndipo ukashika Barabara ya Morogoro kuelekea Mlandizi.

Nao ulichelewa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na jina la kikoa cha nchi, .tz, lilisajiliwa mwaka 1995.

Mwaka huohuo, watumiaji wa seva ya wavuti ya NCSA, kituo cha utafiti cha Marekani, walikuwa wamebaki yatima. Mwandishi wake, Rob McCool, alishaondoka, na hapakuwa na wa kuulizwa. Wakaanza kutumiana marekebisho kwa baruapepe. Februari 1995 wanane wakaunda kundi la Apache. Desemba toleo la 1.0 la seva yao likatoka. Duka halikuwepo, wala namba ya huduma kwa wateja. Aliyekwama aliwauliza wenzake.

Na kukwama kulikuwa rahisi. Mipangilio ilitawanywa katika mafaili matatu, httpd.conf, srm.conf na access.conf, urithi wa NCSA ambao toleo la 1.3.4 ndilo lililoukusanya mahali pamoja. Leo amri ya apachectl configtest humtajia fundi mstari wenye kosa kabla hajaiwasha seva upya.

Afrika nayo, badala ya kuulizana kwa baruapepe tu, iliamua kufundishana ana kwa ana. AfNOG, umoja wa wahandisi wa mitandao ulioasisiwa na Nii Quaynor wa Ghana na wenzake, ulianza mafunzo Cape Town mwaka 2000, ukapita Kampala 2003 na Nairobi 2006, ukatua Dar es Salaam 2011. Washiriki waliseti seva kwa mikono yao, mkufunzi akiwa pembeni. Hilo lilifaa kuliko kutafuta majibu mtandaoni, maana kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuwashwa Julai 2009, intaneti ya Tanzania ilitegemea setilaiti, ghali na yenye kusuasua.

Kikwazo cha lugha kimebaki. Mwaka 2004 Kilinux, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wa kutafsiri programu huria, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, lakini hiyo ni programu ya ofisini. Faili la makosa la seva bado linalalamika kwa Kiingereza, hata fundi anayelisoma akiwa Mlandizi. Istilahi za Kilinux zipo. Vyuo vya ufundi vya Pwani vianzie hapo kuandika mwongozo wa seva kwa Kiswahili.